"Ardhi Tupu" Ni Neno la Nani?

Mwaka wa pili tulipewa asaimenti ya kuchora ramani ya matumizi ya ardhi. Kila mtu achague eneo analolijua, ashushe picha ya satelaiti, aligawe eneo kwa rangi, aandike na kurasa tano za maelezo. Mimi kwetu ni Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa hiyo sikuwa na haja ya kufikiri mara mbili. Wala sikupanda boti kwenda nyumbani. Nilikaa hosteli hapa hapa Dar es Salaam, nikafungua QGIS, na baada ya usiku mbili kazi imekwisha. Makaazi nyekundu. Minazi kijani. Bahari buluu. Lile eneo kubwa la vichaka na mawe lililoko nyuma ya kijiji nikalitia rangi ya kijivu, na pembeni, kwenye ufunguo wa ramani, nikaandika: ardhi tupu.

Alama nilizopata zilikuwa nzuri. Kwa furaha nikaitupia ile ramani kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Shangazi zangu wakanimwagia mashallah, na mimi nikavimba kichwa.

Miezi michache baadaye kukawa na kikao cha familia nyumbani. Ndugu yetu mmoja alikuwa amepata mtu anayetaka kununua kipande katika yale mawe, kipande anacholima bibi yangu. Bibi akakataa. Yule ndugu akatoa simu, akaonyesha ramani yangu, akasema: "Bibi, pale hapatumiki. Hata mtoto wako wa chuo kaandika patupu."

Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na mama kwa simu, na nilitamani ardhi inimeze, hiyo hiyo niliyoiita tupu.

Ninaandika haya kwa sababu nadhani siko peke yangu. Sisi tunaosoma jiografia ya watu, mipango miji, mazingira, takwimu, uchumi wa kilimo, tunafundishwa zana nzuri sana: ramani, sensa, picha za angani, hojaji. Tunafundishwa pia dhana zake: mahali, nafasi, umbali, mipaka, kipimio. Lakini wengi wetu tunazibeba dhana kichwani kwa ajili ya mtihani, na zana tunazibeba kwenye laptopu kwa ajili ya kazi, na hivyo viwili havikutani. Hoja yangu ni fupi: neno "tupu" kwenye ramani ni madai, na mwenye kudai lazima awe na ushahidi. Picha ya satelaiti peke yake si ushahidi wa kutosha.

Kwa wasiokujua Makunduchi, ni mbali kidogo na Mji Mkongwe, zaidi ya kilomita 60 kwa barabara, ukipanda daladala namba 310 unafika ukiwa umeshajua habari za abiria wote. Wengi mnakusikia kwa ajili ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwezi wa Julai ya kufungua mwaka wa Nairuzi, pale wanaume wa pande mbili wanapopigana kwa migomba na kibanda cha makuti kinapochomwa moto. Ardhi yetu sehemu kubwa ni maweni, yaani mawe ya matumbawe ya zamani yaliyojitokeza juu, na udongo umo katika vishimo na nyufa tu. Mikarafuu haikubali kule. Kwa hiyo tangu enzi za mashamba makubwa ya karafuu, upande wa magharibi na kaskazini-magharibi ya kisiwa ndio ulioitwa mzuri, na wetu ukaonekana wa kubaki. Wakoloni wa Kiingereza nao waliliendeleza wazo hilo katika ripoti zao. Kumbe na mimi, mjukuu wa maweni, nikaliendeleza kwa rangi ya kijivu.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Sikusubiri kuitwa, nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi bibi. Alinisamehe haraka kuliko nilivyotarajia, ila kwa sharti: kesho yake alfajiri nimfuate.

Tulitembea kama saa nzima ndani ya kile nilichokiita tupu. Jambo la kwanza aliloniuliza: "Hapa patupu vipi, mjukuu wangu? Hapa pamelala."

Akanieleza. Maweni hayalimwi kila mwaka. Unafyeka, unachoma, unapanda mtama, kunde, mihogo, tungule, mapapai katika vile vishimo vya udongo, unavuna msimu mmoja au miwili mitatu, kisha unaliacha pori lirudi miaka kadhaa ili udongo upate nguvu. Kipande kile alikuwa amekilaza kwa mwaka wa nne. Usipokipumzisha, hakikupi kitu. Kwa hiyo kile kichaka nilichokiona mimi kwenye picha kilikuwa ni shamba katikati ya kazi yake. Kupumzika ni sehemu ya kilimo.

Halafu akanionyesha kuta. Mawe yamepangwa kwa mikono, bila saruji, yamekaa kama mgongo mrefu chini ya majani, kazi ya kuzuia nguruwe mwitu na ng'ombe. Kutoka angani hayaonekani kwa sababu majani yameyafunika. Akanionyesha mkwaju mmoja na kuniambia ni wa nani, na huyo mtu si wa ukoo wetu kabisa. Kwetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Mnazi wako unaweza kusimama katika kiwanja changu na nazi zikawa zako, wewe na watoto wako. Sasa niambie, wewe mwenzangu wa GIS, poligoni moja yenye mmiliki mmoja inaelezaje jambo hilo? Unahitaji tabaka mbili tatu juu ya eneo lile lile, na hakuna satelaiti itakayokuchorea. Lazima uulize.

Kila baada ya hatua chache bibi alitaja jina. Kishimo kina jina, mwinuko una jina, njia ya wachanja kuni ina jina. Katika ramani yangu ya kurasa tano hapakuwa na jina hata moja katika eneo lile. Yi-Fu Tuan, mwanajiografia mzaliwa wa China aliyefundisha Marekani, katika kitabu chake cha 1977 alieleza kwamba nafasi inageuka kuwa mahali pale watu wanapoizoea na kuipa maana. Nilishaandika sentensi hiyo katika mtihani na nikapata alama zote. Niliielewa asubuhi ile, nikiwa na miba kwenye suruali.

Na hapo ni nchi kavu tu. Nendeni ufukweni. Mgeni akifika pwani yetu saa za maji kujaa anaona mchanga mweupe na bahari, basi. Anasema pazuri, patupu, hapa hoteli ingekaa vizuri. Lakini chini ya ule mchanga wanawake wamefukia makumbi ya nazi, yaliyokandamizwa kwa mawe, yakioza taratibu kwa miezi mpaka yafae kupigwa na kusokotwa kamba. Kila rundo lina mwenyewe na kila mwenyewe analijua lake. Kwa jirani zetu wa Jambiani na Paje, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, mashamba ya mwani yako ndani ya maji. Bamvua ikifika, bahari ikakupwa mbali, utaona vigingi na kamba na wanawake wameinama. Baada ya saa chache maji yakijaa huoni kitu. Droni ikipita muda huo itarudi na picha ya buluu tupu, na mtaalamu ataandika: bahari.

Msweden Torsten Hägerstrand alilisema hili mwaka 1970: huwezi kueleza maisha ya watu kwa nafasi bila wakati, kwa sababu mtu yuko mahali fulani kwa saa fulani, na saa zake zina mipaka. Mama wa mwani hahitaji kumsoma Hägerstrand. Ratiba yake inapangwa na mwezi: bamvua yuko pwani, maji mafu yuko konde au nyumbani. Lakini mchora ramani anahitaji kuijua hiyo ratiba kabla ya kurusha chombo chake.

Hata sensa, zana tunayoiheshimu kuliko zote, ina swali la wakati ndani yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Ni utaratibu mzuri na unaeleweka, maana mtu halali sehemu mbili kwa usiku mmoja. Lakini fikiria wavuvi walioko dago, kambi ya msimu, mbali na kwao. Fikiria mwanafunzi aliyeko hosteli. Fikiria kijana wa Bara anayefanya kazi hoteli ya pwani ya mashariki. Mkoa wa Kusini Unguja ulikuwa na watu 115,588 mwaka 2012, na mwaka 2022 ukawa na watu 195,873. Ongezeko la zaidi ya theluthi mbili kwa miaka kumi! Namba inakuambia kuna jambo kubwa. Haikuambii peke yake nani kazaliwa, nani kahamia, nani kalala pale kwa sababu ya kibarua, na nani amebanwa akahama. Namba ni mwanzo wa maswali.

Mtu ataniambia: sawa, umeaibika mbele ya bibi, lakini hiyo ni asaimenti tu. Mbona unaifanya kubwa?

Kwa sababu neno "haitumiki" lina nguvu ya sheria. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza ndani yake na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huo huo haina maneno hayo. Wanasheria wamelumbana juu ya tofauti hiyo kwa miaka mingi, na wenye kuumia nayo ni wafugaji ambao malisho yao ya kiangazi yanaonekana matupu wakati wa masika, na wakulima wanaopumzisha mashamba. Nani anaamua kwamba ardhi haitumiki? Mara nyingi ni mtu mwenye ramani. Zanzibar ina sheria zake, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano: baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa chini ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ndiyo iliyopanga haki za matumizi. Lakini swali ni lile lile. Bibi yangu ana haki ya kutumia. Ukiandika kwamba hatumii, umemvua kitu bila hata kumshika.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tuchome laptopu turudi kwenye fimbo na kamba. Zana hizi zinaweza kufanya kazi nzuri zikiwa mikononi mwa watu wanaotembea. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikwenda Tandale, mtaa ambao kwenye ramani za wakati huo ulikuwa karibu doa, wakatembea na wakaazi wakaandika vichochoro, vyoo, visima, mitaro. Mwaka 2015 Ramani Huria ikaendeleza kazi hiyo katika kata zinazokumbwa na mafuriko Dar es Salaam, wanafunzi na wananchi pamoja. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na washirika wake walianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa SUZA walikuwemo katika timu. Picha zile ni kali, unaona mpaka paa la banda la kuku. Wallahi ni kazi ya kujivunia. Ila paa la banda la kuku halisemi kuku ni wa nani. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Na sisemi pia kwamba wazee hawakosei au kwamba wauzaji wote ni wageni. Yule aliyetoa simu kwenye kikao ni damu yetu. Ana watoto, ana madeni, na bei aliyotajiwa ni fedha ambayo hajawahi kuishika. Hata huko kufyeka na kuchoma kuna watu wanakulaumu kwa sababu ya msitu, na miaka ya kupumzisha inapungua kadiri watu wanavyoongezeka. Haya ni mambo ya kujadiliwa kweli kweli. Lakini mjadala wa haki unaanza pale pande zote zinapokubali kwamba pale pana kitu. Ramani yangu iliufunga mjadala kabla haujaanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikulitegemea. Tuliporudi nyumbani nilimwambia bibi kwamba nitairekebisha ramani: nitaweka kuta, miti, majina yote aliyonitajia, kila kishimo. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza, akachambua mchele wake, kisha akasema: "Ukimchorea mtu njia zote za nyumba yako, usishangae ukimkuta chumbani."

Hilo hatukufundishwa. Ramani inayoonyesha kila kitu inaweza kuwa mkononi mwa yeyote. Kuna sehemu za mizimu na makaburi ambazo wazee hawataki zipigwe picha. Kuna visima ambavyo kijiji kingependa vibaki vya kijiji. Kwa hiyo kumuuliza mtu "hapa panaitwaje?" hakutoshi. Swali la pili ni "je, niandike?" Tulikubaliana mimi na bibi: kwenye ramani mpya nitaonyesha kwamba eneo lote ni mashamba ya maweni, mengine yanalimwa, mengine yamelala, na kwamba ndani yake kuna haki za watu zaidi ya mmoja. Majina yamebaki kwenye daftari lake na langu. Ndiyo maana hata humu sijayataja.

Basi, wenzangu, mapendekezo yangu ni haya, na nayatoa kwa idara zetu na kwetu sisi wenyewe pia.

Kwanza, tukubaliane kwamba hakuna kuandika "tupu", "wazi" au "haitumiki" kwenye kazi yoyote ya darasani bila kujibu maswali matatu: nani anapatumia, anapatumia lini, na panaitwaje. Kama hujui, andika "matumizi hayajathibitishwa". Si aibu. Ni sayansi.

Pili, kila asaimenti ya ramani iwe na siku angalau moja ya miguu. Najua jibu: bajeti hakuna. Lakini wengi wetu tunakwenda makwetu kila likizo kwa nauli zetu. Tupewe kazi kabla ya likizo badala ya baada yake. Utembee na mtu mmoja mzee na mtu mmoja kijana, mwanamke na mwanamume, kwa sababu hawatakuonyesha njia moja. Bibi alinionyesha kuta na makumbi. Babu angenionyesha dago na mitego.

Tatu, ramani irudi kwa waliochorwa. Kabla hujaikusanya kwa mwalimu, waonyeshe wao, katika lugha yao, wakusahihishe. Wakisema futa, ufute. Na tarehe ya picha na saa ya maji viandikwe wazi pembeni, ili msomaji ajue kwamba hiyo buluu ni ya saa ngapi.

Kuhusu lile eneo, halijauzwa. Halijasalimika pia. Kikao kingine kimepangwa na yule mnunuzi bado anapiga simu. Safari hii nitakuwepo, nimechapisha ramani mpya kwenye karatasi kubwa, na ufunguo wake una mistari mingi kuliko ile ya mwanzo. Sijui kama itabadilisha kitu. Fedha ina sauti kubwa kuliko karatasi.

Lakini bibi ameshaiona. Niliitandika kwenye mkeka, nikaanza kumweleza rangi, akanikatiza. Aliweka kidole kwenye kipande chake, akakaa nacho pale muda, akauliza: "Na hii rangi maana yake nini?"

Nikamwambia: "Hii maana yake pamelala, bibi."

Akasema: "Haya. Mvua za mwakani tunapaamsha."